Sare ya Exaucé

Doornfontein, Johannesburg
Jumatatu, 6 Februari 2017

Mama Victorine,

Salamu kwanza, halafu habari za karakana, halafu jambo moja ambalo ndilo hasa limenikalisha chini niandike. Pole kwa kuuguza. Othmani wa lori la Lubumbashi ameniambia mama yako sasa anakaa kitako na anashika kijiko mwenyewe, nikamshukuru Mungu. Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza, maana simu yako imeibiwa na hiyo unayoazima ni ya shemeji yako, nawe hutaki aone hata neno moja la huku. Sijui kwa nini unamwogopa hivyo mzee wa watu, lakini wewe ndiye unayelala kwake.

Kazi inakwenda. Sare za shule tumemaliza, na watoto nusu ya Malvern wameanza mwaka ndani ya makaptula yetu. Ile zahanati imeleta oda ya makoti mia mbili, yanatakiwa mwisho wa mwezi wa tano. Cherehani ya Murielle inaruka nyuzi. Seif ameunguza kola mbili kwa pasi, kisha akalaumu umeme.

Sasa jambo lenyewe. Alhamisi wakati wa chai Exaucé alisimama. Unamjua mkataji wetu, akisema maneno kumi kwa siku amezidisha. Akasema kwa Kiswahili chenu cha Kongo, "Bamama na bababa, mwezi wa ine niko naoana. Ndoa ya bomani." Tukampigia vigelegele. Murielle akataka kujua bibi harusi ni wa wapi. Exaucé akasema, "Ni Théodore."

Théodore unamfahamu. Ni yule mlinzi mrefu wa pale chuoni, anayekuja kumngoja Exaucé kila jioni na kukaa juu ya majora ya vitambaa mpaka nimfukuze. Miaka mitatu namkaribisha chai nikidhani ni kaka yake. Hata nilishamwambia wanafanana.

Vigelegele vilikatika. Exaucé hakukaa. Akaniangalia mimi, akauliza, "Na mimi nitakatiwa sare?"

Nakuandikia desturi yetu, si kwamba umesahau, ila mimi mwenyewe nipate kuiona vizuri. Anayeoa au kuolewa hapa, karakana inatoa jora moja la kitenge. Kila mfanyakazi anakatiwa kipande, anajishonea mtindo autakao, na siku ya siku tunafunga mlango na kutoka sote tumevaa namna moja. Seif alioa Unguja, bibi harusi tulimwona kwenye picha tu, na bado tulivaa zile za zambarau hapahapa Doornfontein tukala pilau kwenye meza ya kukatia. Hakuna aliyetuuliza kama tumempenda mkewe. Na sare tano za mwisho zote amezikata Exaucé.

Nikamwambia, "Nitamwandikia Mama Victorine." Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akamaliza chai yake. Alitulia kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Wengine hawakutulia. Seif amesema havai, na pasi hapigi. Wale wawili wa kanisani kwako wamesema watafunga na kuomba. Murielle akawajibu kwamba sheria ya nchi hii inawaruhusu wawili hao kuoana, kanisa ni Jumapili, sare ni ya kazini. Mimi Ijumaa naswali Mayfair, nikirudi nasimamia watu wa kila namna, na katika hili sijui nisimame wapi. Nakwambia kweli, nilifurahi kwamba karakana ni yako na si yangu.

Nijibu upesi. Ananiangalia kila asubuhi.

Mwatumu


Likasi
25 Februari 2017

Dada Mwatumu,

Bwana asifiwe. Barua imefika, na lile furushi la dawa pia, asante sana. Mama anaendelea. Mkono wa kulia bado, lakini akili yote ipo na mdomo wote upo. Jana alinitukana kwa ajili ya pindo la sketi yangu. Miaka arobaini alishona hapa mjini, anaona mshono mbaya kabla hajaona mtu.

Kuhusu sare, hapana. Mwambie majora ya kitenge yamekwisha na mengine hayatakuja kabla ya mwezi wa sita. Usibishane naye, usimpe hotuba. Siku ya kwenda bomani apewe ruhusa kama mtu mwingine yeyote. Asifukuzwe, na wala asiulizwe maswali. Seif mwambie anyamaze apige pasi.

Wewe unajua wamama wa kanisa wanashonesha kwetu, na mimi ni mzee wa kanisa. Halafu kuna picha. Watu wakivaa sare wanapiga picha, na siku hizi picha inafika mbali kuliko lori la Othmani. Sitaki picha.

Usimwambie kama ni mimi nimekataa. Sema ni wewe. Ninakutwisha mzigo, nisamehe.

Yeye mwenyewe anaendeleaje? Anakula vizuri? Mwezi wa kumi na mbili nilimwacha amekonda. Uniambie.

Victorine


Doornfontein
Jumatano, 15 Machi 2017

Mama Victorine,

Nimefanya ulivyosema, na nataka ujue lilivyokwenda.

Nilichagua saa ambayo cherehani zote zinalia, ili wengine wasisikie. Nikamwendea mezani pake nikamwambia, "Exaucé, majora ya kitenge yamekwisha." Akaweka mkasi chini. Mama Victorine, sisi wawili ni wapumbavu. Nani anayepanga majora kwenye rafu? Nani anayejua mpaka kile kipande cha nusu mita kilipolala? Tumekwenda kumdanganya mkataji habari za kitambaa.

Akaniambia polepole, bila hasira, "Mama, iko tano. Tatu ya manjano, moja ya kijani, moja ya maua ya bluu. Unataka nikuonyeshe?"

Nikasema hayo yana wenyewe. Akauliza, "Ni Mama Victorine alisema?" Nikasema hapana, ni mimi. Akatikisa kichwa. "Wewe haujue kudanganya, Mama." Akarudi kukata.

Tangu siku hiyo anaingia saa mbili kamili na kutoka saa kumi na moja kamili. Kazi anafanya, tena safi. Chai anakunywa amesimama, mezani pake. Théodore haji tena ndani, anangoja ng'ambo kwenye robot, zile taa za barabarani, na koti lake la ulinzi. Na jana Exaucé ameniletea barua ya kuacha kazi. Mwisho wa mwezi wa tano anakwenda kwa watu wengine. Atamaliza makoti ya zahanati kwanza, amesema, kwa sababu alishayaahidi.

Umeniuliza kama anakula. Miaka minane niko nawe hujawahi kuniuliza kama mimi nakula! Nimelishangaa hilo swali, nimeliweka.

Sasa nina langu ambalo sikukwambia mwaka juzi. Unamkumbuka Zabibu, aliyekuwa anaziba kingo za nguo kwa overloki. Nilikuambia amepata kazi karibu na kwake Malvern. Hakupata kazi. Watu waligundua anaishi na mwanamke mwenzake, wakaanza minong'ono, fulani hataki kunywea kikombe alichonywea yeye. Mimi nilitaka amani. Nikamnunulia kikombe chake peke yake, chekundu, nikampa mbele ya wote nikitabasamu. Nikajiona nimewasuluhisha. Alinywea kile kikombe wiki mbili. Ijumaa moja akakiosha, akakifunika juu ya sinia, akaenda zake. Nilimfukuza kwa kikombe, Mama Victorine, na jioni ile nililala vizuri.

Sitaki kufanya hivyo mara ya pili na jora. Kama una sababu nyingine zaidi ya wamama wa kanisa, niambie. Kama huna, nibadilishie jibu.

Mwatumu


Likasi
1 Aprili 2017

Dada Mwatumu,

Barua hii ukiisoma uichome. Au usiichome, sijui.

Exaucé ni mtoto wa dada yangu. Dada yangu mkubwa, yule marehemu. Shemeji ninayekaa kwake, mwenye simu, ndiye baba yake.

Mwaka 2013 baba yake alijua. Namna alivyojua siiandiki. Alitoa begi lake nje ya geti na majirani wakiangalia. Mama ndiye aliyenipigia simu, akasema, "Mchukue huyo, mimi nimekwisha kuwa mzee." Nikamtumia nauli. Alipofika Park Station nilimpokea, nikamnunulia chips na soda, halafu kabla hajamaliza kula nikampa masharti. Nitakupa kazi, nitakupa pa kulala. Lakini mbele ya watu usiniite mama mdogo, na hayo mambo yako sitaki kuyasikia hata siku moja. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Akasema, "Ndiyo, mama mdogo." Ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo. Tangu hapo ananiita Mama Victorine kama wewe na wateja.

Mimi nilijiona nimemwokoa. Labda nilimwokoa. Lakini alipokuuliza wewe habari ya sare, alijua barua inakuja kwa nani. Alikuwa ananiuliza mimi. Na mimi nimemjibu kwamba kitambaa kimekwisha.

Hapa shemeji akipata wageni anasema ana watoto watatu. Wako wanne. Mimi nakaa kwenye meza hiyo nakula fufu yake, nanyamaza. Akiona picha moja tu ya atelie yangu, karakana nzima, imemvalia Exaucé sare, atanitoa nje kama alivyomtoa mtoto. Ningetoka mimi, haidhuru. Lakini mama yuko kitandani ndani ya nyumba hiyo. Nitambeba wapi, Dada Mwatumu? Mtu ambaye hawezi kusimama?

Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine. Wamama wa kanisa nilikutajia tu.

Sijalia tangu dada azikwe. Leo nimelia kwa ajili ya jora la kitambaa.

Victorine


Doornfontein
Jumatano, 12 Aprili 2017

Mama Victorine,

Sikuichoma. Nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa hasira na mara moja bila hasira. Hasira yenyewe si kwa sababu ulinificha. Ni kwa sababu umenituma nimpige mtoto wako kwa mkono wangu, nami sikujua ni wako.

Sasa nisikilize. Ndoa ni Ijumaa tarehe ishirini na nane. Jora la maua ya bluu nimeshalishusha kwenye rafu. Sikuombi ruhusa, nakupa taarifa. Ukirudi ukitaka kunifukuza, nitakukabidhi funguo na daftari la vipimo na hatutagombana. Jumatatu niliwakusanya watu nikawaambia: sare ipo, kama ilivyokuwa kwa kila mtu. Hakuna atakayelazimishwa kuvaa, maana kwa Seif pia hatukumlazimisha mtu. Lakini asiyevaa hana ruhusa ya kumsema anayevaa, na atakayemtengea mwenzake kikombe katika karakana hii, kikombe hicho atakinywea yeye. Wakarudi kwenye cherehani. Wanajua nilikuwa najisema mwenyewe.

Seif alinifuata baadaye. Akasema, "Mama, dini yangu hainiruhusu." Nikamwambia dini yako ni yangu, na mimi naijua vilevile kama wewe, mengine tutaulizwa mbele ya haki. Hapa naulizwa kuhusu karakana. Akafikiri. Akasema havai, lakini vipande vikija kwenye pasi atavipiga, kwa sababu kazi ni kazi. Nikaona hapo amefika mbali kwa siku moja.

Jumapili nilikwenda Malvern kwa Zabibu. Nilimkuta anashonea kibarazani, ana cherehani yake mwenyewe sasa. Hakunikaribisha ndani. Nikamwambia nilichokuja kusema nikiwa nimesimama, habari ya kikombe, kwamba nilikosea na kwamba namwomba radhi. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akasema, "Nimesikia, Mwatumu." Zamani alikuwa ananiita dada. Nikamwachia kipande chake cha bluu juu ya kiti, nikaondoka.

Na Exaucé nimezungumza naye. Nilimwambia najua. Alikuwa ananoa mkasi, akaacha. Nikamwambia sare ipo. Unajua alichonijibu? "Mama, kitambaa naweza kununua mwenyewe. Nilitaka mama mdogo aseme ndiyo." Halafu akaniuliza kama bibi yake ameanza kutembea. Hana habari zenu zozote, Mama Victorine. Habari za bibi yake anazipata kwa kunisikiliza mimi nikimsalimu Othmani.

Sare anaipokea. Barua ya kuacha kazi hajaiondoa, bado iko kwenye droo yangu.

Kitu kimoja nakuuliza. Kipande cha kwanza cha jora hukatwa cha mzazi. Cha kwako nikate au nisikate? Habari za mama yako kitandani nimezielewa, na sitakuhukumu kwa jibu lolote. Lakini nijibu wewe mwenyewe. Hili sitalisema kwa niaba yako.

Mwatumu


Doornfontein
Jumanne, 2 Mei 2017

Mama Victorine,

Othmani amepita mara mbili bila barua. Basi nakuandikia tu, kwa sababu kuna mtu lazima akusimulie, na picha naziweka humu ndani ya bahasha. Ukiona hatari, zichane.

Nilikata mwenyewe. Mwenye harusi hajikatii, na mimi mara ya mwisho kushika ule mkasi mkubwa binti yangu Ummi alikuwa hajaanza shule. Exaucé nilimkataza kusogea mezani. Alisimama nyuma yangu mikono mfukoni anahema, na kila nikikunja kitambaa nasikia "eish" ndogo. Vipande vya watu vilitoka vizuri. Koti la Théodore ndilo nililoliharibu. Yule kijana ana mikono mirefu kuliko nilivyoandika, na nilipojua nilikuwa nimeshakata.

Ijumaa tulifunga mlango saa tatu asubuhi. Tulivaa kumi kati ya kumi na wanne. Murielle alijishonea gauni la mabega mapana nusura likwame mlangoni. Seif alikuja na kanzu yake nyeupe, akasimama pembeni. Sare zote alikuwa amezipiga pasi Jumatano, na hakuunguza hata moja. Wale wawili wa kanisani hawakuja. Jumamosi walikuja kazini, wakasalimia, tukasalimiana.

Bomani walitaka mashahidi wawili. Murielle akaweka sahihi, na mimi nikaweka. Karani, mama mmoja wa Kizulu mwenye miwani, aliniuliza mimi ni nani wa Exaucé. Nikasema ni msimamizi wake wa kazi. Akatuangalia sote kumi tumejaa ukutani na maua yetu ya bluu. Akacheka, akasema kazini kwake hakuna mtu angefunga mlango kwa ajili yake. Théodore alisoma kiapo chake haraka kama anayekimbia mvua. Exaucé alisoma polepole, kila neno, mpaka karani akaweka kalamu chini kumsikiliza. Huyo ndiye mtu wa maneno kumi kwa siku.

Mimi nililia. Sikutegemea. Nilikwenda pale kwa sababu ya haki tu, nikajikuta nimefurahi hasa, kama ndoa nyingine yoyote ya mtoto ninayempenda.

Tulikula kwenye meza ya kukatia, pilau yangu na sombe ya Murielle, kile kisamvu cha kwenu, ndizi, samaki, vyote. Seif alikula pilau sahani mbili, akawaambia maharusi, "Mungu awape afya," akaondoka mapema. Zabibu alitokea saa nane. Alikuwa amevaa bluu, mshono wake mzuri kuliko wetu sote. Alikaa nusu saa na Exaucé. Chai nilimpa, hakunywa, nami sikumshurutisha.

Kipande chako kipo. Nilikikata cha kwanza, bila jibu lako, kwa sababu mkono ulikataa kuanza na cha mtu mwingine. Hakijashonwa. Kimekunjwa kwenye rafu na hakuna anayekigusa. Exaucé amekiona, hakuuliza.

Mwisho wa mwezi anaondoka. Nimetafuta mkataji mwingine, sijapata, na kusema kweli sijatafuta sana.

Mwatumu


Likasi
16 Mei 2017

Dada Mwatumu,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Hii ni yako. Ile nyingine uisome mbele ya wote wakati wa chai, mashine zikiwa zimezimwa. Usiisome kimoyomoyo kwanza halafu ukaniogopea. Isome tu.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilinikuta. Sikujibu kwa woga, hakuna sababu nyingine. Hii ya pili pia ilinikuta. Picha nilizificha siku mbili chini ya godoro tunalolalia mimi na mama. Siku ya tatu mama akasema, "Umelala juu ya nini wewe, hutulii." Nikazitoa. Nikamwambia, "Mama, huyu ni Exaucé, ameoana, na aliyeoana naye ni huyu mrefu." Mama akaishika kwa mkono wa kushoto akaisogeza kwenye dirisha. Akaangalia muda mrefu sana. Halafu akasema, "Nani alikata koti la huyu? Mikono imefika hapa tu. Mtoto ataona baridi." Akaniuliza kama Johannesburg baridi imeanza. Nikasema imeanza. Akasema, "Basi arekebishiwe."

Hilo tu. Picha akaiweka kwenye Biblia yake. Ndipo shemeji alipoiona, Jumapili. Aliniuliza, nikasema ndiyo, ni atelie yangu, na ni mtoto wako, na una watoto wanne. Akanipa mpaka Jumatatu jioni.

Nilikuuliza nitambeba mama wapi. Nilikuwa na siku moja ya kujua. Vijana wanne wa kanisani walimbeba na kiti chake mpaka kwa Thérèse, binti ya mjomba wangu, mitaa miwili tu. Mitaa miwili, Dada Mwatumu! Miaka minne nimeogopa mitaa miwili. Vijana hawakuuliza kwa nini tunahama. Thérèse aliuliza, nikamwambia. Akasema chumba cha nyuma kina dirisha zuri. Mama anakipenda, na Thérèse atabaki naye mimi nikirudi.

Kukufukuza sikufukuzi. Asante kwa kukata bila kuniuliza mara ya pili.

Victorine


Likasi
16 Mei 2017

Kwa wote wa karakana,

Nawasalimu mmoja mmoja. Nimeomba Mwatumu asome, na Exaucé kama yupo abaki amekaa.

Exaucé ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja na mimi. Nilimkataza kusema, na miaka minne ametii. Aliyewaficha ni mimi, yeye hakuwaficha kitu. Alipouliza habari ya sare niliagiza aambiwe kitambaa kimekwisha. Ulikuwa uongo, naye aliujua ni uongo, kwa sababu vitambaa vyote anavipanga yeye. Exaucé, mbele ya wenzako nakuomba radhi. Barua yako ya kuacha kazi iko kwa Mwatumu. Kama bado unataka kwenda, nenda na baraka zangu na mkasi wako ulionoa mwenyewe. Kama unataka kubaki, ninakuomba ubaki.

Kuanzia leo sare ni ya kila mtu wa hapa anayeoa au kuolewa kwa sheria ya nchi hii. Asiyetaka kuvaa asivae. Zabibu akitaka kurudi, overloki yake ipo. Yeyote ambaye ana neno juu ya mtoto wangu, alilete kwangu, asimpelekee yeye.

Nafika kwa basi Jumamosi tarehe tatu mwezi wa sita, na siku hiyohiyo nataka kuvaa. Kipande changu Mwatumu asikiguse tena, koti la Théodore nimeliona, na bibi yao ameliona pia. Akate Exaucé. Vipimo vyangu vya ukutani visitumike, huku nimekonda. Kifua inchi arobaini na moja. Kiuno thelathini na sita. Nyonga arobaini na nne. Mikono mirefu, kola ya kusimama. Pindo lifike chini kabisa, kama la mzazi wa bwana harusi.

Ni mimi,
Victorine,
mama mdogo wa Exaucé na wa Théodore